Maji ya Jicho Langu

Mwanangu Paskalina,

Marahaba. Najua ukiifungua barua hii utakuwa umeshasema shikamoo moyoni, kwa hiyo nakuitikia mapema tusicheleweshane. Shuleni tulifundishwa kuanza kwa kuuliza hali ya mpokeaji, lakini hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Unapiga pasi koti lako jeupe la maabara na unamlalamikia mama yako kwamba mkaa una majivu mengi. U mzima. Mimi pia ni mzima, ukiacha macho.

Naandika mchana, kwenye kiti cha dirishani, kwa sababu jua likishazama hili jicho la kulia lililobaki halinifai kitu. Nimeweka rula ya mbao juu ya karatasi, naandika nikiifuata, halafu naishusha upana wa kidole. Ukikuta maneno yamepandiana, ujue rula iliteleza. Mama yako anadhani naandika orodha ya mambo ya kukuagiza. Mwache adhani. Habari ya sweta, ya kuchemsha maji, ya kutomwachia mtu usiyemjua begi lako, ameshasema yeye na kesho atarudia mlangoni mwa basi mpaka kondakta achoke. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo tangu hujaanza shule.

Jumapili tulipotoka kanisani ulinieleza tena kazi unayokwenda kuifanya huko Moshi. Ulinieleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mzee, na safari hii nilielewa. Kwamba ndani ya jicho mna maji, na ndani ya maji mna proteini, na kwa mtu mwenye kisukari baadhi ya proteini hizo huzidi kuliko kawaida. Daktari anachota matone machache kwa sindano nyembamba, ninyi mnayapima. Mnatafuta zile zinazotangulia, alama kwamba mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho imeanza kuharibika wakati mwenye jicho bado anasoma gazeti na hana habari. Mkizijua mapema, ukasema, huenda siku moja watu watatibiwa kabla giza halijaingia. Nilijisikia fahari kweli. Halafu ukasimama, ukanishika mkono.

"Baba," ukasema, "nimefikiria sana. Labda hata siku ile ya kaburi ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Labda wangechota maji ya jicho lako siku ile wangekuta alama. Ndiyo maana hukuona. Si kosa lako kabisa, baba."

Nikakuambia twende nyumbani, ukadhani nimeguswa. Sikuguswa, mwanangu. Niliogopa. Usiku wa Jumapili sikulala, wala wa Jumatatu, na mama yako akasema ni sukari imepanda.

Hadithi ya siku ile unaijua jinsi tulivyokulea nayo. Baba yako alikuwa dereva wa trekta kubwa kwenye shamba la ngano la serikali, kule Basotu. Alasiri moja jua lilimpiga usoni, macho yake yalikuwa yanamsumbua, hakuona tuta la kaburi la mzee wa Kibarabaig, akapita juu yake na plau. Ilikuwa ajali. Wazee walikaa, wakasameheana, yakaisha. Baadaye macho yale mabovu yakazidi ubovu mpaka ikajulikana ni kisukari. Hadithi nzuri, imenyooka, kila kipande kinashika kingine. Wewe mwenyewe Jumapili uliiongezea kipande cha mwisho, cha proteini, ikawa haina hata ufa.

Sasa nisikilize. Macho yangu hayakuwa mabovu. Siku ile nilikuwa na macho ya kusoma namba ya lori lililo ng'ambo ya bonde, na wenzangu kambini walikuwa wananiita nihesabu swala kwa mbali, kwa mchezo tu. Na jua halikunipiga usoni, lilikuwa mgongoni. Mtu yeyote anayejua lile shamba limelala upande gani angenikamata kwa hilo moja, lakini hakuna aliyeuliza.

Ili uelewe ni lazima nikueleze ujinga wetu sisi madereva. Pale shambani kipande kimoja kilikuwa kirefu hata ukianza asubuhi na mapema unafika mwisho umeshasikia njaa. Sifa yetu ilikuwa mstari. Siku ya kwanza ya kulima kipande kipya, dereva mmoja alipewa heshima ya kupiga mstari wa kwanza, wote waliobaki waufuate. Ulikuwa unachagua alama mbali, mimi nilichagua pembe ya mlima Hanang, unakaza macho hapo, huangalii kulia wala kushoto. Jioni wenzako wanasimama barabarani, wanaukodolea ule mstari. Ukiwa umepinda hata kidogo watakucheka mpaka mavuno. Ukiwa umenyooka, jina lako linatajwa kambi zote. Mimi nimetoka Masieda, mtoto wa mashamba ya miteremko ambako hata jembe la mkono linakwenda limepinda, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa mstari.

Msimamizi alikuwa ametuambia waziwazi: makaburi ya Wabarabaig zungukeni. Nataka hilo ulijue, usije ukamlaumu mtu mwingine kwa niaba yangu. Kuzunguka kaburi ilikuwa ni kukata kona, kwenda hatua kadhaa pembeni, kurudi. Mstari ungekuwa na kifundo katikati. Wenzangu walikuwa na vifundo vyao, na waliitwa kwa majina ya vifundo hivyo.

Lile tuta nililiona nikiwa bado mbali. Lilikuwa limeshaanza kulika na mvua, lakini juu yake kulikuwa na majani mabichi, yamewekwa wiki ile ile. Mtu alikuwa amekuja pale, akapiga magoti, akaongea na marehemu wake. Nikajisemea, trekta itazunguka tu nikifika. Nikakaza macho kwenye mlima. Nikajisemea tena, bado hatua mia. Halafu hamsini. Hakuna shetani aliyenisukuma, wala sikuwa na chuki na Wabarabaig, nilikuwa nanunua maziwa kwao. Mikono yangu haikuzungusha usukani, basi. Nilisikia mtetemo mdogo chini ya kiti, mdogo mno, na mstari ukaendelea.

Jioni wenzangu walisimama barabarani wakapiga makofi.

Siku ya tatu walikuja wazee wa Kibarabaig na wa kwetu pia, wakaketi pembeni ya shamba. Nyuma yao alikaa mama mmoja amevaa ngozi, anaitwa Udaghwenga. Yule aliyezikwa pale alikuwa mume wake. Ukweli ungejulikana kwamba niliona, lingekuwa jambo zito, la akina mama wa Kibarabaig kukaa baraza lao na kunilaani mimi na watoto wangu. Ajali ilikuwa jambo jepesi, asali ya kutengeneza pombe ya kumtuliza marehemu na maneno ya kuomba radhi. Mimi nilikuwa na wewe nyumbani, ndiyo umeanza kuniletea kiti nikirudi. Wakaniuliza, "Uliona?" Nikasema hapana. Mzee mmoja wa kwetu akasema, kama ni hapana, apa. Na kiapo cha kwetu unakijua, hakina Biblia, unataja kitu chako na unakitoa. Nikasimama, nikasema kwa Kiiraqw na karani akatafsiri: kama niliona kaburi hili, macho haya yasione.

Wazee wakatikisa vichwa, wakaridhika. Ila yule mama hakutikisa. Akasema kwa Kiswahili chake:

"Wewe dereva. Kibuyu yangu iko wapi?"

"Kibuyu gani, mama? Sikuona kitu."

"Haya," akasema.

Hiyo "haya" nimeisikia miaka yote hii. Naisikia nikinawa uso. Wengine wanasikia sauti za wafu. Mimi namsikia mama aliye hai, wala hasemi zaidi ya neno hilo.

Ulipokuwa darasa la nne ulirudi nyumbani mdomo umevimba. Binti mmoja wa Kibarabaig alikuwa amesema mbele ya darasa kwamba baba yako alilima kaburi la babu yake. "Nikampiga," ukasema. "Nikamwambia baba yangu anaumwa macho, hakuona!" Mama yako akakukanya kwa kupigana, lakini niliona alikuwa anafurahi. Mimi nilikuwa nimekaa pale na macho yangu mazima, nakula viazi. Ningeweza kusema. Nilikupa kipande changu cha nyama. Ukaenda kulala ukiamini umemtetea mtu wa kweli, na tangu siku hiyo ukawa mtu wa macho. Ukawa unamwongoza bibi yako mwenye mtoto wa jicho, unasoma vitabu vya sayansi kuliko wenzako. Watu wanasema umerithi akili za mama yako. Mimi najua ulianzia wapi, Paskalina. Ulianzia kwenye uongo wangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kaburi lenyewe.

Ugonjwa ulikuja miaka mingi baadaye. Kwanza kiu, halafu kukojoa usiku, halafu sisimizi kuja pale nilipokojoa, tukacheka. Mwili ukapungua. Kisha siku moja nikiwa juu ya trekta nikaona nyuzi nyeusi zinaelea mbele ya jicho la kushoto. Nikafikicha. Zikabaki. Nikipeleka jicho kulia nazo zinakwenda kulia, nikilirudisha zinarudi, zinaning'inia. Nilijua papo hapo ni nini. Sikuwaza kisukari, sikujua neno hilo. Nikajua ni majani ya lile kaburi.

Wewe na mama yako mlinisihi niende Haydom. Nikawa nasema kesho, nasema ni vumbi la ngano, nasema miwani ya duka itatosha. Mlidhani ni ukaidi. Ukweli ni kwamba sikuona sababu ya kumpelekea daktari kitu nilichokitoa mwenyewe mbele ya wazee. Nilikuwa nalipwa nilichoomba. Siku za msimu mmoja niliendesha kwa kukariri tu, mpaka nilipogonga mapipa ya dizeli mchana kweupe na wakanishusha. Hapo ndipo nilipokwenda hospitali, na daktari akasema ni sukari, imekaa muda mrefu, mishipa imevuja damu ndani ya jicho, la kushoto limekwisha na la kulia lingekuwa zima kama ningekuja mapema.

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Kumbe ni sukari! Kumbe si kiapo! Nilikula jioni hiyo kama mtu aliyetoka jela. Lakini furaha ile haikumaliza wiki. Kama macho yangu yamekwenda kwa sukari, nikawaza, basi kiapo hakijanidai kitu. Basi sijaadhibiwa bado. Uongo uko pale pale ulipokuwa, umekaa, hakuna aliyeugusa. Nikaanza tena kusikia "haya".

Na ndiyo sababu niliikataa sindano. Alipokuja Haydom yule daktari wa macho kutoka Moshi, akasema anakusanya maji ya jicho ya wagonjwa wa kisukari kwa ajili ya utafiti, wewe ulikuwa umesimama pale na koti lako jipya la mafunzo, umejaa matumaini. Mimi nikakataa. Ukanitania njia nzima, dereva wa trekta kubwa anaogopa sindano ndogo kama ya kushonea. Nikacheka na wewe. Haikuwa sindano. Niliwaza watayachota yale maji, watayaweka kwenye mashine zao, na mashine itawaambia. Najua ni upuuzi. Wewe ungenieleza kwa sentensi mbili kwamba proteini hazijui kaburi. Lakini mtu aliyedanganya kwa macho yake anaogopa macho yake, hilo halihitaji maabara.

Ndiyo maana Jumapili niliogopa. Kumbe mashine ingeweza kunitetea! Mwanangu mwenyewe angekuja kunisafisha kwa vipimo, na mimi ningeshukuru, ningekufa nimesafishwa. Nikaona nikiliacha hilo likapita, sitaweza tena kulisema, kwa sababu litakuwa limeshaandikwa kwa kalamu yako.

Nimekaa na jambo hili nikijiuliza nikupe ushauri gani nalo, nikakuta ni mdogo. Huko unakokwenda watakupa maji ya macho ya watu usiowajua, yamo kwenye vichupa, na wewe ndiye utakayeangalia. Kutakuwa na siku utaona kitu ambacho kinapindisha mstari. Bosi anataka mstari umenyooka, au wewe mwenyewe unautaka, ndiyo mbaya zaidi. Mimi naijua ile hali ya kujiambia bado hatua mia. Inapita upesi sana. Sikuambii ufanye nini, nakuambia tu inavyokuwa ndani ya kiti.

Na usiache kazi kwa sababu ya barua hii. Nakufahamu, hasira yako ni ya kuacha vitu. Umekasirika? Kasirika. Usiniandikie mwezi mzima, nitaelewa. Lakini yule mgonjwa wa Dongobesh au wa Katesh ambaye leo anaona vizuri na mishipa yake imeshaanza kuvuja, yeye hakudanganya mtu. Mtafutie alama zake.

Mimi nimeamua hivi. Mama yako hajui, nitamwambia kesho basi likishaondoka, na itakuwa siku ndefu. Wiki ijayo katekista atanisindikiza mpaka Basotu. Udaghwenga yu hai, nimeulizia sokoni. Amezeeka, anakaa kwa mwanawe wa mwisho. Nitakwenda kwake kabla jicho hili halijafunga, kwa sababu nataka niuone uso wake ninaposema. Nikienda nimeshakuwa kipofu kabisa atanihurumia, na huruma hiyo itakuwa wizi wa pili. Akiita baraza la akina mama, aite. Nilichokuwa naogopa wakati ule ni wewe kulaaniwa. Sasa wewe ni mtu mzima, na nimekuambia kabla ya kwenda ili ukitaka kunizuia ujue njia ya kurudi. Lakini sidhani utanizuia.

Nikitoka kwake nitakuja Moshi. Mwambie yule daktari nimekubali. Achote anachotaka, jicho la kulia, la kushoto, yote. Na wewe ukiwa zamu siku hiyo, pima. Mkikuta hizo alama zenu andikeni mmezikuta, mkikosa andikeni mmekosa. Zitasema mimi ni mgonjwa wa sukari, na hiyo ni kweli. Za siku ile ziacheni, hazipo tena kwenye maji, ziko hapa kwenye karatasi.

Kesho ukishapanda basi Haydom, kaa dirishani upande wa dereva. Mkishaipita Basotu ngano itaanza, na utaona shamba linakwenda mpaka miguuni mwa mlima. Kuna mahali ngano imesimama juu kidogo kuliko ya pembeni, kiraka cha upana wa nyumba. Hakuna alama nyingine. Nilikuwa nikikipita kila msimu naangalia upande mwingine. Wewe angalia, kwa ajili yangu, maana mimi nikipita wiki ijayo sidhani nitaweza kukitofautisha.

Na kuna neno moja nitakalompa Udaghwenga, ambalo anajua yeye na aliyeona tu. Nakupa wewe kwanza. Kilikuwa kibuyu kidogo, kimelazwa juu ya yale majani, shingo nyembamba, kimezungushiwa shanga nyeupe duara mbili, na duara moja ilikuwa imekatika, shanga tatu zimedondokea kwenye udongo. Nilikiona, mwanangu. Nilihesabu mpaka zile shanga. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kukata kona.

Baba yako.